Ng'ombe Asiye na Kwato

Nchi ninayotaka kuwasimulia si ya kwenu. Nalisema hili mapema, tena mbele ya mashahidi, asije mtu kesho akasema Anselmi kamsema fulani. Nchi hiyo iko mbali, ng'ambo ya mipaka mitatu, na barabara ya kwendea huko imekuwa ikitengenezwa tangu nikiwa darasa la nne. Ukisoma ukaona jambo linafanana na la kwenu, nyamaza kimya na uendelee kusoma.

Mimi huko nilikuwa karani wa masjala wa Bodi ya Taifa ya Maziwa. Miaka thelathini na mmoja nimetunza majalada. Nilikuwa na mihuri minne, na ufunguo wa kabati la mihuri niliuvaa shingoni, naoga nao, nalala nao. Watu huwadharau makarani, lakini niambieni, nani amewahi kuzaliwa, kuoa au kufa bila karani? Anaweza kufa, sikatai, ila hatambuliki.

Nchi ile inampenda ng'ombe, jamani! Ng'ombe yumo kwenye noti, kwenye bendera na kwenye kofia za polisi. Wimbo wa taifa una beti tatu, na ubeti wa pili wote ni wa kukamua. Kwa mapenzi hayo Serikali iliijengea Bodi ghorofa sita na kutuajiri wafanyakazi mia nne. Ukame ulikuwa umepita miaka miwili mfululizo, kwa hiyo mwaka ninaousimulia ng'ombe waliosajiliwa nchi nzima walikuwa mia tatu na tisini. Wabaya wetu wakasema eti kila ng'ombe ana mtumishi wake na watumishi kumi wanabaki wanasubiri ndama. Mimi sikuona kosa lolote hapo, maana huduma lazima iwe karibu na mteja.

Mkurugenzi Mkuu wetu alikuwa Mheshimiwa Dokta Nikodemu Mkamilo. Udokta alitunukiwa na chuo kikuu kimoja kilichokuja kufanya mahafali hotelini, kikala chakula cha mchana, kikaondoka. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye tumbo la kuaminika, na alikuwa na sifa moja ambayo sijaiona kwa kiongozi mwingine: hakusoma alichosaini. "Anselmi," alikuwa akiniambia, "kusoma ni kutomwamini mtu aliye chini yako." Nilijisikia vizuri kila aliponiambia hivyo.

*

Sasa, Dokta alikuwa na binti, Editruda, muuguzi wa zahanati. Na mtaani kwangu kulikuwa na kijana fundi baiskeli, Fulgensi, mtoto wa marehemu rafiki yangu Kasiano. Baiskeli ya Editruda ilikuwa nzima kabisa, lakini ilipelekwa kwa fundi mara tatu kwa wiki. Mwezi wa pili Fulgensi akaanza kunawa mikono kila alipomwona anakuja. Mimi nikajua mambo yameiva.

Mama yake Fulgensi, Mama Leokadia, akaniita. Ananiita shemeji, kwa ajili ya marehemu. "Shemeji, wewe unamjua yule mkubwa wako. Tupelekee barua ya posa." Basi nikawa mshenga.

Majibu yalikuja kwa karatasi ya Bodi, yenye nembo na nambari ya kumbukumbu, maana Dokta hakujua kuandika barua ya aina nyingine. Nilipiga muhuri wa "Imepokelewa" mimi mwenyewe. Ilisema hivi: "Yahusu: Binti Yangu. Mahari ni ng'ombe arobaini, waliosajiliwa na Bodi, kila mmoja akiwa na hereni yake na cheti chake. Ng'ombe asiye na cheti hatapokelewa. Mwisho wa kuwasilisha ni Siku ya Taifa ya Maziwa. Baada ya hapo nafasi itatangazwa upya."

Na kila mtu alijua nani angeijaza nafasi hiyo. Mzee Lubango, mfugaji, mwenye ng'ombe sitini na meno manne, alikuwa ameshaanza kupita kwa Dokta na madebe ya samli.

Mama Leokadia aliisikiliza barua mpaka mwisho, akaitazama kamba iliyokuwa mtini. Kwa kamba ile alikuwa anafungwa ng'ombe wake mmoja tu, aliyekufa kwa ukame wiki mbili nyuma. "Ng'ombe wa maskini hazai," akasema, "na wangu hata kufa kafa mwenyewe, sikuwahi kumchinja." Kisha akafuta macho kwa upande wa khanga. Fulgensi akatoka nje akaanza kuifungua baiskeli isiyokuwa na ubovu wowote. Iliniuma, nawaambia kweli. Mtoto yule nimemjua tangu anatambaa.

Ila mama yule si wa kulala na njaa huku jiko lipo. Nyuma ya nyumba alikuwa na shamba la soya, matuta arobaini. Editruda akamweleza kwamba kule zahanati huwashauri wenye watoto dhaifu kutumia soya. Mama akaloweka soya usiku kucha, asubuhi akaimenya maganda, akaisaga, akaikamua kwenye kitambaa safi cha khanga, akaichemsha na mchaichai na tangawizi ili harufu ya maharage iishe. Kikatoka kitu cheupe. Alinipa kikombe. Nikanywa, nikamwambia, "Shemeji, haya ni maziwa." Akasema, "Basi nitayauza mpaka nipate ng'ombe arobaini."

*

Lo! Mnajua maziwa ya ng'ombe ya mjini yalivyokuwa wakati ule? Yalikuwa yamezoeana na maji kuliko samaki. Wauza chai wa sokoni walipojaribu ya Mama Leokadia, wateja wakaomba kikombe cha pili. Wenye matumbo ya kunguruma wakagundua kwamba hayangurumi tena. Walimu wakayaleta shuleni. Mtu mmoja wa kata ya pili akaanza ya karanga, mwingine ya korosho, pwani kule wakasema wao walikuwa na tui la nazi siku zote ila hawakujua kwamba ni biashara. Baada ya miezi minne malori ya nchi jirani yalikuwa yanapanga foleni mpakani, na madereva wanauliza, "Yale maziwa ya shambani yako wapi?"

Bodi ikaitisha kikao cha dharura. Nilikuwepo, nikiandika kumbukumbu. Dokta Mkamilo alisimama, akafungua kifungo cha koti, na huo ukawa mwanzo wa hotuba.

"Ndugu zangu! Nimekula ng'ombe, nimevaa ng'ombe, nimesomeshwa na ng'ombe. Leo naambiwa maharage yanatoa maziwa. Maharage! Nauliza kikao hiki kitukufu: soya ina chuchu?"

"Haina!" kikao kikajibu.

"Soya ina ndama?"

"Haina!"

"Basi hayo ni maji machafu ya kuoshea maharage, na sheria yetu iko wazi. Kifungu cha nne: hakuna maziwa yatakayouzwa pasipo ng'ombe aliyesajiliwa. Nendeni mkalete sufuria la huyo mama hapa mezani kwangu."

Kikao kikapiga makofi, na mimi nikapiga, ingawa mkono mmoja ulikuwa na kalamu. Moyoni nilikuwa nawaza sufuria lile. Bila sufuria hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe Editruda anakwenda kumkorogea uji Mzee Lubango.

*

Tulitumwa wawili, mimi na Afisa Mifugo, Ndugu Sospeta, kijana mwaminifu sana aliyekuwa anaikariri sheria kwa sauti njiani. Mama Leokadia alitukaribisha vizuri. Sospeta alikunywa vikombe viwili, akafuta mdomo, akafungua mkoba.

"Mama, sheria inasema maziwa lazima yawe na ng'ombe. Ng'ombe wako wapi?"

"Mwanangu, sina ng'ombe. Hayo ni ya soya."

"Lakini ni maziwa?"

"Wewe umekunywa. Umeonaje?"

Sospeta akaufikiria ulimi wake. "Ni maziwa," akakiri. Kisha uso ukamjaa wasiwasi. "Sasa Mzee Anselmi, tufanyeje? Maziwa yapo, ng'ombe hayupo. Kifungu cha nne kinasema haiwezekani."

Hapo ndipo niliposaidia, na najivunia mpaka leo. Nilimwambia: "Sospeta, Bunge liliketi siku tatu kupitisha sheria ile, na lilipewa posho. Haiwezi kuwa na kosa. Kama sheria inasema hakuna maziwa bila ng'ombe, na maziwa haya hapa kwenye kikombe, maana yake ng'ombe yupo. Ni kazi yetu kumtafuta na kumwandika."

Tukaenda nyuma ya nyumba. Tukasimama mbele ya matuta arobaini. Sospeta akahesabu mara mbili.

"Tuta moja, ng'ombe mmoja?"

"Unaonaje wewe mtaalamu?"

"Rangi?"

"Kijani," nikasema. "Andika kijani."

Tukajaza fomu arobaini. Palipoandikwa jinsia tuliandika jike, maana ndilo linalotoa maziwa. Pembe, tukaandika hana. Kwato, hana. Mama Leokadia akaulizwa majina, akawapa ya mashangazi zake wote, na waliobaki akawapa ya wanakwaya wa kigango. Jioni nikaweka vyeti arobaini mezani kwa Dokta. Akavisaini huku akiongea na simu.

*

Kesho yake Waziri alirudi kutoka mkutano wa soko la kanda. Alikuwa amevimba kwa hasira. Nchi jirani zote zilisimama kueleza jinsi maziwa ya mimea yanavyokua kwao, na alipofikiwa yeye, asiyejua lolote, alisema sisi tunaongoza. Sasa wajumbe wa kanda walitaka kuja kuona.

"Dokta," akanguruma kwenye simu mpaka nikamsikia kutoka masjala, "tunayo maziwa ya mimea au hatunayo?"

Dokta akaniita. Nikampelekea jalada. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alisoma alichosaini. Jasho likamtoka puani. Kisha akashika simu. "Mheshimiwa Waziri, mpango huo niliubuni mwenyewe. Unaitwa Ng'ombe Asiye na Kwato."

Nilifurahi sana kwa ajili yake. Ni wachache wanaobuni kitu kisha wakasahau.

Mambo yakaenda mbio. Kila tuta la soya nchini likasajiliwa, na la karanga, na la mtama. Kwa wiki tatu idadi ya ng'ombe wa taifa ikatoka mia tatu na tisini ikafika laki mbili, bila hata mmoja kuzaa. Sasa huduma zikatakiwa kufuata, maana ng'ombe ni ng'ombe. Hereni za masikioni zikatundikwa kwenye shina la kwanza la kila tuta, mpaka zikaisha ghalani. Kila Alhamisi ilikuwa siku ya josho, na wakulima walipanga foleni na miche yao kwenye ndoo ili ichovywe kuua kupe. Mtaalamu wa uhimilishaji, yule wa kuwapa ng'ombe mimba kwa mrija, akazunguka shamba la Mama Leokadia na chupa zake, akainama, akainuka, akaandika "Wote wana mimba." Bibi mmoja aliyebeba gunia la soya kwenda kwa mwanawe alikamatwa njiani kwa kuswaga mifugo bila kibali. Na mtu asiyekuwa na leseni ya bucha hakuruhusiwa kuchemsha maharage.

Uzinduzi ulifanyika uwanjani. Tulipewa soda na fulana. Dokta Mkamilo alisoma tangazo rasmi kwa sauti ya kutetemesha turubai: "Kuanzia leo, ng'ombe asiye na kwato atakuwa na heshima zote na matumizi yote ya ng'ombe, katika masoko, katika maonyesho na katika sherehe!" Watu wakapiga makofi. Dokta akayapenda. Akaitazama karatasi, akaona imekwisha, akaongeza la kwake kutoka kichwani: "Na katika mila!" Makofi yakazidi. Mimi, kwa kuwa ni karani, niliandika kila neno, nikalipeleka kwa mpiga chapa wa Serikali likatoka kwenye gazeti rasmi.

*

Kumbe huku Mama Leokadia anaungua. Maziwa yalikuwa yanauzika kuliko zamani, lakini kulikuwa na ada ya hereni, ada ya josho, ada ya mtaalamu aliyesema wote wana mimba. Alichokipata sokoni asubuhi, Bodi ilikipata mchana. Siku ya Taifa ya Maziwa ilibaki wiki moja, na kwenye ile kamba mtini hapakuwa na hata mbuzi.

Jioni moja Fulgensi na Editruda walikuja kwangu. Editruda alikuwa amevimba macho. "Mzee Anselmi, Jumamosi Mzee Lubango anakuja na ng'ombe wake sitini. Baba ameshaalika Waziri na wageni wa kanda. Ameniambia nishone nguo."

"Baba mdogo, turudishie barua yetu," Fulgensi akasema, sauti imemkauka. "Mimi sina cha kupeleka. Mkono mtupu haulambwi."

Nilikwenda kwenye jalada, maana barua haitolewi bila kusainiwa. Nikasoma tena majibu ya Dokta kabla ya kuitoa. Nikapata hasira. Vijana wa siku hizi hawasomi!

"Hivi ninyi mnalia nini?" nikawauliza. "Ng'ombe arobaini waliosajiliwa, kila mmoja na hereni na cheti. Fulgensi, mama yako anao ng'ombe arobaini. Hereni wanazo. Vyeti nimevipiga muhuri kwa mkono huu. Mngeniuliza tangu miezi hiyo, mngekuwa mmeshaoana!"

Fulgensi alinitazama kama mtu anayetafuta njia ya kunipeleka hospitali. Editruda ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka, akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa chini na kiatu kikamtoka. Sikujua kilichomchekesha. Lakini alikuwa ameacha kulia, nikaona si neno.

*

Jumamosi nyumbani kwa Dokta turubai lilikuwa jipya. Waziri alikaa mbele, wajumbe wa nchi tatu kulia kwake, mwandishi wa gazeti kushoto. Mzee Lubango alifika mapema na ng'ombe wake sitini, vumbi tupu. Sospeta, kijana wa wajibu, akawapita mmoja mmoja akichungulia masikio.

"Mzee, hawa hawana hereni."

"Hereni zimekwisha ghalani, wewe mtoto! Mmezivisha maharage!"

"Basi hawajasajiliwa. Kwa mujibu wa sheria hawa si ng'ombe, ni wanyama wanaozurura." Akawaswaga mpaka uwanja wa polisi, na Mzee Lubango akawafuata mbio akipiga kelele kwa meno yote manne. Dokta alikuwa ndani anavaa. Aliposikia vishindo alidhani ni shangwe.

Ndipo tukaja sisi. Kutoka kila tuta tuling'oa mche uliobeba hereni, tukaufunga kamba kiunoni, kamba zote zikashikwa na Fulgensi mbele. Miche yote tuliipakia kwenye mkokoteni, nao ulipiga makelele. Akina mama wa upande wetu wakapiga vigelegele na kuimba wimbo wa kuswaga ng'ombe wa mahari, na Mama Leokadia akiwa katikati yao na khanga mpya. Mimi nilitangulia na jalada.

Dokta akatoka. Akatutazama. Akautazama mkokoteni.

"Anselmi. Hii ni nini?"

"Mahari, Mheshimiwa."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Hawa hapa, Mheshimiwa. Arobaini. Na vyeti vyao hivi hapa, vyenye saini yako."

Akanisogelea mpaka nikayasikia manukato yake. "Anselmi," akanong'ona, "unataka kunifedhehesha mbele ya Waziri?"

Niliumia. Miaka thelathini na mmoja! Nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie jinsi ninavyomheshimu: "Mheshimiwa, gazeti rasmi ukurasa wa pili, maneno yako mwenyewe. Heshima zote na matumizi yote ya ng'ombe, katika masoko, katika maonyesho, katika sherehe na katika mila."

Waziri akainuka kitini. "Hawa ndio wenyewe? Wasio na kwato? Hongera sana, Dokta! Umeanza kwako!" Mjumbe mmoja wa kanda, mama mwenye miwani, akatoa daftari. "Ajabu njema. Kwa hiyo ninyi huku mnawapokea hata kwa mahari? Au hawa laki mbili mliotuandikia ni kwa ajili ya takwimu tu?"

Watu wote wakamgeukia Dokta. Dokta angeweza kusema neno moja tu, "Haya ni maharage," na kila mtu pale alijua kwamba ni maharage. Lakini angelisema hilo mbele ya Waziri, na mbele ya nishani ya Ng'ombe Asiye na Kwato aliyoivaa kifuani. Fulgensi alikuwa ameshika kamba zake arobaini, hapepesi macho. Editruda akatokea mlangoni.

"Baba," akasema, "uliniambia ng'ombe ni ng'ombe."

Dokta akaishika nishani yake.

"Ng'ombe ni ng'ombe," akasema. "Nimewapokea. Waingizeni zizini."

Wee! Vigelegele vikapasua turubai. Mama Leokadia alikaa chini pale pale vumbini na khanga yake mpya, akalia, akacheka, akalia tena. Na mimi machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

*

Ila mila ina kwenda na kurudi. Kwa watu wale, binti akiondoka kwao hutoka na ng'ombe wa kukamua, ili mtoto atakayezaliwa asikose maziwa. Dokta alipokumbushwa, uso ukamng'aa. Akaenda kwenye mkokoteni, akachagua mche mnene kuliko yote, akamkabidhi Fulgensi. "Chukua, mwanangu. Jina lake nani huyu?"

"Shangazi Blandina," nikasoma kwenye cheti.

Hapo akasimama dada yake Dokta, Shangazi Perpetua, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

"Kaka, mila inasema wa kukamua. Mkamue hapa tuone. Akitoa hata kijiko kimoja, aende naye."

"Perpetua, hawa hukamuliwa kwa njia ya kisasa."

"Kisasa cha nani? Mkuki kwa nguruwe, eh? Kupokea mche ni sheria, kumkamua ni kisasa? Chuchumaa, kaka. Leteni kibuyu!"

Kibuyu kikaletwa. Waziri akasogeza kiti mbele aone vizuri. Mama mwenye miwani akafungua ukurasa mpya. Dokta Nikodemu Mkamilo, Mkurugenzi Mkuu, akakunja suruali, akachuchumaa, akaushika mche wa soya kwa vidole viwili. Akaminya. Likadondoka jani.

Akakaa vile kwa muda. Kisha bila kuinua kichwa akasema, "Mleteni Malkia."

Malkia alikuwa ng'ombe wake mwenyewe, mweusi mwenye mabaka meupe, kiwele mpaka magotini, ambaye hata Waziri aliwahi kuombwa asimguse. Alitolewa zizini, na kamba yake akapewa Editruda.

*

Jumatatu Mama Leokadia alikuja masjala na Malkia, akamfunga kwenye mlingoti wa bendera. "Shemeji, nisajilie huyu kwa jina langu. Nisije nikanyang'anywa."

Tatizo likawa fomu. Fomu mpya, kwa ajili ya ng'ombe wasio na kwato, iliuliza idadi ya matuta, tarehe ya kupanda na maganda kwa kila shina. Ya zamani tulishaichoma kwa sherehe. Nilimtazama Malkia, naye akanitazama. Nikaandika: tuta moja. Maganda, manne. Tarehe ya kupanda, haijulikani. Dokta akasaini huku akiongea na simu.

Alhamisi Sospeta akaja kukagua nyumbani kwa Mama Leokadia, nami nilikuwepo. Alimzunguka Malkia mara tatu na fomu mkononi, akakuna kichwa, akasoma tena. Kisha akaandika, akasoma kwa sauti: "Tuta lina majani mengi pembeni. Lipaliliwe leo, mbele ya afisa."

Mama Leokadia hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akampalilia ng'ombe wake pande zote nne, taratibu, asimkate kwato. Malkia alikuwa anatafuna. Fulgensi alikuwa jikoni anachuja soya, maana malori ya jirani yalikuwa yanasubiri. Sospeta akagonga muhuri, akanywa vikombe vyake viwili, akaenda zake.

Editruda alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, mkono mdomoni. Sospeta alipopotea kwenye kona, alicheka, akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa chini na kiatu kikamtoka. Safari hii na mimi nilicheka. Lakini nilitazama kwanza barabarani, kuhakikisha hakuna mtu.